Neva za shingo: tatizo liko shingoni, dalili ziko mkononi, kwenye sauti na kwenye pumzi (uzi mrefu)

FizioMoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa wanaoniuma roho zaidi ni wale wanaofika wamechelewa: mkono umeshakonda, bega limeshashuka, wamechuliwa na kupakwa kila kitu pale panapouma, kumbe jeraha liko shingoni na hakuna aliyeliangalia. Ndiyo maana nataka tuizungumze shingo kwa kina, hasa neva zake. Nikisema neva namaanisha mishipa ya fahamu, siyo ya damu.

Shingo ina pingili 7 lakini ina jozi 8 za neva. Jozi ya kwanza inatoka juu ya pingili ya kwanza, chini kabisa ya fuvu. Zinazofuata zinatoka kila moja juu ya pingili yenye namba yake, na ile ya 8 inajipenyeza kati ya pingili ya mwisho ya shingo na ya kwanza ya kifua. Madaktari wanaziita C1 hadi C8. Nitazitaja hivyo hivyo kwa sababu ndivyo mtakavyozikuta kwenye majibu ya MRI.

Jambo la kushika ni kwamba neva hizi hazikai shingoni. Chukueni neva ya kiwambo. Inaundwa na C3, C4 na C5, inashuka mbele ya msuli wa ubavuni mwa shingo, inaingia kifuani, inapita kandokando ya moyo, inaishia kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Yaani kila pumzi unayovuta, amri yake kubwa imepita shingoni. Ndiyo maana mtu akiumia uti wa mgongo chini ya C5 anaweza kupooza miguu na sehemu ya mikono lakini akaendelea kupumua mwenyewe. Akiumia juu ya C3, pumzi inakata pale pale asipopata mashine. Mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995, akaumia kwenye pingili mbili za juu kabisa, na tangu hapo akategemea mashine ya kupumulia.

Kuanzia C5 kushuka, neva zinaungana na ile ya kwanza ya kifua, T1, zinasukana kuwa fundo kubwa linalopita kati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo, chini ya mtulinga, hadi kwapani. Fundo hilo ndilo linalouendesha mkono mzima. Kwa haraka haraka: C5 inanyanyua bega, C6 inakunja kiwiko, C7 inakinyoosha, C8 inafumba vidole, T1 inavitanua. Mpangilio halisi una mwingiliano mwingi, ila kwa mtu wa kawaida huo unatosha kumwonyesha jeraha liko usawa gani.

Kuna na neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo na kupita tu shingoni. Kubwa kati yake ni vagasi, inayotembea ndani ya ala moja na mshipa mkubwa wa damu unaodunda ukigusa pembeni mwa koo. Pale pale mshipa unapogawanyika kuna kituo kidogo cha kupimia shinikizo la damu. Kikibanwa, mapigo ya moyo yanashuka, na kuna watu wanaozimia. Wanaofundishana kupiga kabali mitaani wajue kwamba wanaibana sehemu hiyo hiyo.

Mwenye swali aulize. Dawa siandiki humu, maana mgonjwa lazima aguswe na kupimwa.

Kijiwe_Nane

Mkuu umenigusa. Mdogo wangu ni dereva wa boda, alianguka mwezi uliopita, bega la kulia likapiga lami. X-ray ya bega na ya shingo hazina mvunjiko. Tangu siku hiyo mkono unaning'inia tu, na usiku analalamika unawaka moto. Hospitali aliyopelekwa wakampa dawa za maumivu, wakasema atapona taratibu. Nyumbani mama anamkanda na maji ya moto na mafuta ya nazi. Tuendelee hivyo?

FizioMoro

Pole kwake, na pole kwa mama. Nitajibu kwa urefu kwa sababu hii ndiyo habari iliyonifanya nianzishe uzi.

X-ray inaonyesha mifupa. Neva haionekani humo, kwa hiyo "hakuna mvunjiko" haina maana kwamba hakuna jeraha. Mtu akirushwa na pikipiki, bega linakita chini na kichwa kinakwenda upande wa pili. Ile nafasi kati ya shingo na bega inapanuka kwa nguvu, na neva zilizopita hapo zinavutwa. Helmeti inaokoa ubongo, ivaeni, lakini mvuto huo haiuzuii.

Ziko hali tatu. Neva imevutwa ikabaki nzima: hiyo huanza kurudi baada ya wiki au miezi michache. Neva imekatika njiani: inaweza kuunganishwa kwa upasuaji, mara nyingi kwa kuwekewa kipande cha neva kutoka mguuni. Au imeng'oka kwenye uti wenyewe, kama muhogo unavyong'oka na mzizi wake. Iliyong'oka hairudi yenyewe, na ule moto anaousikia usiku mara nyingi ndiyo sauti yake. Panadol haiutulizi. Kuna dawa za maumivu ya neva, kama amitriptyline au gabapentin, ambazo daktari anaweza kumwanzishia.

Sasa jambo la muda, na hapa naomba mnisikilize. Neva iliyokatika inaota kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi msuli wa mbele wa mkono ni sentimita zaidi ya 20, na hapo hujafika kwenye vidole. Msuli nao haungoji milele. Ukikaa bila neva mwaka mmoja hadi mwaka na nusu unakuwa umeharibika kiasi kwamba hata neva ikifika haiukuti ukiwa hai. Piga hesabu ya kurudi nyuma utaona kwa nini madaktari wa neva wanataka kumpasua mtu kama huyu ndani ya miezi 3 hadi 6 tangu ajali. "Atapona taratibu" inakubalika pale tu ambapo kuna mtu anampima kila baada ya wiki chache na kuandika nini kimerudi. Bila hivyo ni kupoteza muda ambao hautarudi.

Maji ya moto mama aache leo. Ngozi iliyokufa ganzi inaungua na mgonjwa asijue. Mkono ubebwe kwa kitambaa shingoni ili uzito wake usilivute bega chini, lakini mara kadhaa kwa siku mtoeni kitambaa, mkunjie na kumnyooshea kiwiko, kifundo cha mkono na vidole polepole, visikaze.

Halafu nipimie haya, uniletee majibu: Je, anafumba ngumi na kutanua vidole? Anaweza kukunja kiwiko? Ananyanyua mkono kwa ubavuni? Na mtazame machoni kwenye mwanga: kope la kulia limeshuka kuliko la kushoto? Mboni ya kulia ni ndogo kuliko ya kushoto?

Kijiwe_Nane

Yuko Ifakara, nakwenda Jumamosi. Nitaleta. Ila macho yanahusikaje na bega?

FizioMoro

Kuna neva nyingine zinazoteremka kutoka ubongoni ndani ya uti hadi kifuani, halafu zinatokea karibu na T1 na kupanda tena shingoni kwenda kutanua mboni, kuinua kope kidogo na kutoa jasho usoni. T1 iking'olewa, zile nazo zinakatika: kope linashuka, mboni inakuwa ndogo, nusu ya uso inakauka jasho. Daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliieleza hali hiyo mwaka 1869 na hadi leo ina jina lake. Kwa mdogo wako, jicho litatuambia kama mizizi ya chini imenusurika.

Mwimba_Alto

Samahani nitoke kidogo kwenye ajali. Nina rovu, nimepangiwa upasuaji mwezi ujao. Naimba kwaya tangu nikiwa binti. Wenzangu wananiambia wanaopasuliwa rovu wanapoteza sauti. Ni kweli au ni maneno ya watu?

FizioMoro

Dada, hofu yako ina msingi, ila usiikimbie tarehe yako kwa sababu hiyo.

Sauti yako inaendeshwa na matawi mawili ya vagasi. Moja ni dogo na linapita karibu na ncha ya juu ya tezi: linaukaza uzi wa sauti ufike noti za juu. Likiumia unaongea vizuri tu, lakini unapopanda juu sauti inagoma, na mwimbaji analigundua kabla ya daktari. La pili ndilo kubwa, linalofungua na kufunga nyuzi za sauti, na njia yake ni ya ajabu kweli. Linalipita zoloto (kile kisanduku cha sauti kilichopo kooni) bila kuliingia, linashuka. La kulia linauzunguka mshipa wa damu ulio nyuma ya mtulinga, la kushoto linashuka hadi ndani ya kifua na kuuzunguka mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Kisha yote mawili yanapanda tena juu, yamejificha nyuma ya tezi hiyo hiyo unayotaka kupasuliwa, hadi kwenye zoloto. Tukiwa tumboni shingo haikuwepo, moyo ulikuwa karibu na koo. Shingo iliporefuka, moyo ulishuka ukaivuta neva. Twiga wetu ana neva hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo, na kwake inasafiri zaidi ya mita 4 kufika mahali palipo sentimita chache tu kutoka ilikoanzia.

Habari ya neva hii na sauti ni ya kale. Galen, tabibu wa dola la Roma karne ya 2, aliikata kwa nguruwe anayepiga kelele mbele ya watu, na kelele zikakoma papo hapo. Huo ulikuwa ushahidi kwamba sauti inaamriwa na ubongo, wakati wengi waliamini inatoka moyoni. Kwa upande wa upasuaji, aliyeugeuza kutoka kwenye hatari ya kifo hadi kazi ya kawaida ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi. Alipasua rovu zaidi ya 5,000 maishani mwake na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Siri yake ilikuwa utulivu: damu isimwagike, kila kitu kionekane kabla kisu hakijagusa.

Leo, kwa daktari mzoefu, neva kuumia kwa kudumu ni kama asilimia 1 hadi 2. Kuchoka kwa muda ni kwingi zaidi, na huko sauti hurudi ndani ya wiki au miezi. Muulize daktari wako maswali mawili bila aibu: amefanya upasuaji huu mara ngapi, na je, huwa anaitafuta neva na kuiona kwa macho kabla hajakata? Mwambie pia kwamba unaimba. Daktari mwema atafurahi kuulizwa.

Nesi_Theatre

Naongezea kwa dada wa kwaya. Omba nyuzi zako za sauti zitazamwe kwa kamera KABLA ya upasuaji. Wapo wenye uzi mmoja uliokwisha kupooza bila wao kujua, kwa sababu ule wa pili unausaidia. Huyo akipasuliwa na ule upande wake usiopooza ukaumia, nyuzi zote mbili zinakaa katikati na njia ya hewa inafunga. Tumeshakimbizana usiku kumtoboa mgonjwa tundu la koo apate kupumua, kwa sababu hiyo. Na ukiamka ukahisi ganzi midomoni au vidole vinakaza, sema mapema. Hapo siyo neva iliyokatwa, ni kalsiamu imeshuka.

FizioMoro

Asante sana dada, hilo la kuangalia kabla ni la dhahabu.

Niongeze moja kwa wote. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua, nenda ukatazamwe, hata kama huna rovu wala huimbi. Kwa kuwa neva ya kushoto inaingia kifuani, uvimbe wa pafu au mshipa mkuu uliotanuka unaweza kuibana. Hata moyo wenyewe unaweza: valvu ikiwa imeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao huku kwetu bado upo, chumba cha juu cha moyo kinatanuka na neva inabanwa. Mtu anakunywa tangawizi na asali miezi mitatu, kumbe anayelalamika ni moyo.

Mtaa_wa_Pili

Mkuu mbona kinyozi wangu kila akimaliza kuninyoa ananivunja shingo, inalia "ka!" kulia, "ka!" kushoto, natoka mwepesi kabisa. Miaka yote sijapata shida. Hapo nako kuna hatari?

FizioMoro

Ule mlio ni gesi ndani ya maji ya viungo, na wepesi unaousikia ni wa kweli. Ninachokiogopa ni kitu kingine. Ndani ya mifupa ya pingili za shingo, kuanzia ya 6 kupanda juu, kuna matundu pande zote mbili, na ndani yake inapita mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa ghafla kwa nguvu, utando wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, na kiharusi kikafuata hata kwa kijana. Halitokei mara nyingi. Lakini kinyozi hajakuuliza kama una diski iliyobonyea, na wewe huenda hujui kama unayo. Mwambie akukande mabega kwa mikono, akuachie kichwa chako. Nakuomba kabisa.

Na wewe au yeyote mwenye dalili hizi, asiguswe shingo na mtu yeyote kabla ya kupimwa: vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo, mwandiko umeharibika, miguu inakakamaa au unayumba ukitembea, haja ndogo inakuja bila taarifa. Hapo siyo neva moja iliyobanwa, ni uti wenyewe. Tofauti na maumivu ya kutoka shingoni kwenda kidole gumba (mara nyingi C6) au kidole cha kati (C7), ambayo kwa wengi hupungua ndani ya wiki kadhaa bila kisu.

Mkunga_Kilosa

Naomba nafasi kwa ajili ya kina mama. Nilifundishwa jambo na mkunga mkuu wangu na limeokoa watu: mwanamke aliyekosa siku zake, tumbo linauma, halafu analalamika ncha ya bega, na bega lenyewe ukilibonyeza halina kitu. Usimpe dawa ya kuchua. Mpeleke mbio. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka, damu imepanda hadi chini ya kiwambo.

La pili ni watoto. Mtoto mkubwa akikwama mabega wakati wa kuzaliwa, shingo ikivutwa, mkono mmoja unaweza kutoka umelala, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Wengi wanapona. Mama aje kliniki, asifungiwe mtoto mitishamba begani.

FizioMoro

Mkunga, ubarikiwe. Sababu ya lile la kwanza ni ile neva ya kiwambo niliyoanza nayo. C3 na C4 zinazopokea habari kutoka kwenye kiwambo ndizo zinazopokea pia habari za ngozi ya juu ya bega, na ubongo unashindwa kutofautisha. Hata wengu ikipasuka kwa ajali, maumivu yanaweza kutokea bega la kushoto.

La mtoto: mizizi inayoumia zaidi ni C5 na C6. Kipimo chetu ni kukunja kiwiko. Mtoto akifika miezi 3 bado hakunji, apelekwe kwa daktari bingwa wa upasuaji, asisubiri atembee kwanza. Hadi hapo mama afundishwe mazoezi ya bega, maana linakaza haraka.

Tabibu_Mstaafu

Vijana, nimefurahi kusoma uzi huu. Nina mawili ya mzee. Mgonjwa akigeuza shingo, ukiona kamba nene inapanda kutoka ubavuni mwa shingo kuelekea sikioni, fikiria ukoma. Ile ni neva ya ngozi ya sikio, inatoka C2 na C3, na bakteria wa ukoma huipenda kwa kuwa iko juu juu, mahali penye ubaridi. Tafuta mabaka yasiyo na hisia. Dawa zipo, ni bure, na ukiwahi mtu anabaki na vidole vyake.

Pili, matezi ya shingo. Kifua kikuu cha matezi ni kingi, na mara nyingi tunalazimika kuchukua kinyama cha kupima. Ubavuni mwa shingo, nyuma ya ule msuli mrefu, inapita neva ya msuli wa bega chini kidogo tu ya ngozi. Nimeona wengi waliotolewa tezi dogo, wakabaki na bega lililoshuka, mkono haupiti usawa wa bega. Sindano ikitosha, tumia sindano.

FizioMoro

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la bega baada ya kutolewa tezi ni kweli tupu. Wanafika kwangu wakiwa wameambiwa ni "bega limekaza", na wanatibiwa bega. Aliyetolewa tezi shingoni na akashindwa kunyanyua mkono arudi kwa aliyempasua ndani ya wiki za mwanzo, kwa sababu neva hiyo inaungika vizuri ikiwahiwa.

Kijiwe_Nane

Mkuu nimerudi kutoka Ifakara. Majibu: ngumi anafumba, na ananikamata kwa nguvu kabisa. Vidole anatanua. Kiwiko ananyoosha lakini kukunja hawezi hata kidogo. Kunyanyua kwa ubavuni hawezi. Ngozi ya juu ya bega na upande wa kidole gumba hahisi kitu. Macho yote sawa, nimemtazama mara tatu. Maji ya moto mama ameacha, ila analia, anasema mtoto wake atakuwa kilema.

FizioMoro

Umefanya kazi nzuri sana. Mwambie mama asilie kwanza, asikilize.

Kwa ulivyoeleza, C5 na C6 ndizo zilizoumia. C7, C8 na T1 zinafanya kazi. Sijamgusa, kwa hiyo daktari athibitishe, lakini kati ya majeraha ya fundo hili, la juu peke yake ndilo lenye matumaini makubwa zaidi, kwa sababu vidole viko hai na neva zinazoviendesha zinaweza kukopwa. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Christophe Oberlin na wenzake walieleza njia ya kuchukua nyuzi chache tu kutoka kwenye neva ya upande wa kidole kidogo na kuziunganisha, pale pale kati ya bega na kiwiko, na neva ya msuli wa kukunja kiwiko. Safari ya neva inakuwa fupi sana badala ya kuanzia shingoni, na vidole havipotezi nguvu ya maana. Kwa bega, wanaweza kuchukua tawi la ile neva aliyoitaja mzee, ya msuli wa bega, wakaliunganisha na neva ya misuli inayonyanyua mkono. Huenda pia asihitaji kisu, ikiwa neva zimevutwa tu.

Kujua ni lipi kati ya hayo kunahitaji kipimo cha umeme wa neva na misuli, EMG, ambacho husomeka vizuri kuanzia wiki ya 3 au ya 4 baada ya ajali, na MRI ya shingo. Muda wake umefika. Nendeni mkaombe rufaa kwa daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, na kwenye barua iandikwe tarehe ya ajali, kwamba kiwiko hakikunji, bega halinyanyuki, vidole vinafanya kazi. Mkiambiwa "tusubiri", ulizeni mnasubiri hadi tarehe ipi na nani atampima siku hiyo. Mkifika mwezi wa 3 tangu ajali na kiwiko hakijaanza kukunja hata kidogo, awe ameshaonwa na daktari anayefanya upasuaji wa neva.

Mazoezi yale ya kunyoosha yasikatike hata siku moja, na bega nalo lizungushwe polepole akiwa amelala chali, wewe ukiushika mkono. Kiungo kikishakaza, hata neva ikirudi msuli hautaweza kukisogeza. Akipata tarehe ya EMG niandikie hapa.